Garimoshi la Uvunguni

Wahenga walisema mali ya bahili huliwa na mchwa, na wengi hudhani bahili ni yule tu anayebana pesa. La hasha. Kuna bahili wa kitu ambacho hata kikitazamwa kutwa nzima hakipungui. Momanyi wa Magwagwa alikuwa bahili wa namna hiyo, na mchwa hawakumsahau.

Alikuwa mkulima wa majani chai, mtu mpole, asiyekosa kanisani siku ya Sabato. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye stempu za Marekani za karne ya kumi na tisa, alizozikusanya tangu ujana kwa kubembeleza wamishenari na kuwaandikia watu wa mbali. Iliyomtia wazimu ilikuwa stempu ya buluu ya mwaka 1869, yenye picha ya garimoshi. Aliifungia pamoja na nyingine katika sanduku la mbao, akatia kufuli, akalisukuma uvunguni mwa kitanda, juu ya sakafu ya udongo. Miaka nenda miaka rudi hakulifungua, kwa kuogopa kwamba mwanga ungezipausha.

"Baba Ruth," mkewe Nyanchoka alimwambia, "kitu kisichoonwa na mtu kina tofauti gani na kisichokuwepo?"

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Rafiki yake wa pekee katika mambo hayo alikuwa Jibril, muuza vitambaa mjini Kisii. Jibril naye alikuwa na albamu ya stempu, na kila mteja aliyeingia dukani alionyeshwa, atake asitake. Siku moja alimwambia Momanyi kwa sauti ya chini, "Mzee mwenzangu, daktari amesema macho yangu yanakwenda wala hayatarudi. Niletee hilo garimoshi nilione mara moja tu. Sitaligusa."

"Mvua ikiisha," Momanyi alijibu. "Unyevu ni adui wa karatasi."

Mvua iliisha. Likaja vumbi, nalo likawa sababu. Vumbi lilipotulia mvua ikarudi, na Momanyi akashusha pumzi.

Kisha Nyanchoka akaja kutoka mjini na habari kwamba Jibril sasa hupapasa kaunta yake mwenyewe kama mgeni. Momanyi aliona haya. Alipiga magoti, akavuta sanduku. Sehemu ya juu ikaja, ya chini ikabaki. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakala mbao, wakala karatasi. Alitia mkono akatoa udongo. Alikaa pale pale chini akalia, na Nyanchoka hakumsuta.

Kesho yake alikwenda Kisii mikono mitupu, akamweleza Jibril yote. Jibril alipapasa kiti, akamsogezea.

"Pole sana, ndugu yangu. Hata ungelileta leo nisingeliona. Basi nisimulie. Mimi stempu zangu nimezitazama na watu mpaka naziona nikifumba macho. Hilo garimoshi lako, linaelekea kulia au kushoto? Moshi wake unakwendaje?"

Momanyi alifungua kinywa. Alitafuta kichwani mwake, akakuta rangi ya buluu na kufuli, basi.

"Sijui," alisema.

Ama kweli, mali ya bahili huliwa na mchwa.