Siwa Ilipopita Njia ya Bondeni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao juu ya kilima. Kulikuwa na ukumbi mkubwa wa mawe, madarasa, jiko, na barabara iliyofagiliwa kila asubuhi, kando zote mbili zimepakwa chokaa na taa zimewekwa tangu langoni hadi kileleni. Barabara hiyo ilikuwa ya wakubwa. Tembo, Mkuu wa Chuo, alipita hapo. Kiboko, msimamizi wa usalama, alipita hapo pia, Nyati mmoja mlinzi mbele yake na mwingine nyuma, ingawa hakuna mnyama ambaye angethubutu kumgusa hata kama angelala katikati ya barabara.

Wafanyakazi walikuwa na njia yao. Walimu wadogo, wapishi, wafagiaji na wapagazi walikaa bondeni, ng'ambo ya kijito. Njia ilishuka nyuma ya jiko, ikavuka daraja la mbao zilizooza, kisha ikafuata uzio wa miiba. Mahali pamoja uzio ulikuwa umebomoka, ukaacha pengo la kupitisha fisi wawili bega kwa bega. Taa haikuwapo hata moja.

Digidigi alikuwa mmoja wa walimu hao. Alifundisha somo la nyayo, yaani kusoma alama za kwato na kucha ardhini, na darasa lake lilikuwa la jioni. Hakukuwa na mwalimu mdogo kama yeye. Miguu yake ilikuwa kama vijiti, na alipotembea ulisikia ti-ti-ti, basi.

Alikuwa na mtoto mchanga. Kila alipokwenda kufundisha alimwacha jikoni kwa Kanga, ndege mwenye madoadoa aliyewapikia wanafunzi uji. Kanga alimlaza mtoto karibu na meko, akamfunika kwa bawa moja huku bawa jingine likikoroga sufuria. Na Digidigi aliporudi amechoka, alikuta bakuli la uji limefunikwa kwa sahani lisipoe. Kanga hakuwahi kusema kwamba amemwekea. Alisema tu, "Uji ulibaki, mwalimu. Nisaidie kuumaliza."

Jioni moja masufuria yalikuwa mengi na Kanga akachelewa. Alishuka bondeni peke yake. Alipofika penye pengo, fisi akamrukia.

Keke-keke-keke! Sauti yake ilifika mpaka nyumba za wafanyakazi. Punda, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, alitoka mbio bila hata kufunga mlango, akamtandika fisi mateke mpaka akamwachia. Kanga hakufa. Lakini bawa lake la kulia lilivunjika, na tangu siku hiyo halikuinuka tena.

Chama kikaenda ofisini. Punda alizungumza kwa adabu. Aliomba uzio uzibwe, daraja litengenezwe, taa zifike bondeni, na mlinzi mmoja asimame penye pengo jua likikaribia kuzama. Tembo alisikiliza akipepea masikio yake taratibu, maana hakuwa na roho mbaya. Kisha akamgeukia Kiboko na kumuuliza kama kweli chuo kina hatari.

Kiboko akajibu kwamba chuo ni salama kabisa. Yeye hutembea kila siku na hajawahi kuona fisi. Kanga alijitakia mwenyewe kwa kuzurura baada ya saa za kazi. Tena, akasema, mpishi wa bawa moja atakoroga nini? Mahafali yakipita, Kanga aache jiko na arudishe nyumba ya bondeni.

Punda alishusha masikio. Akaomba basi angalau waruhusiwe kusema neno siku ya mahafali, wazazi wakiwapo.

"Wewe Punda, umekaa hapa miaka yote na desturi huijui?" Kiboko akamwambia. "Siku hiyo hasemi mtu mpaka siwa iwekwe chini. Na ikishawekwa, anaanza Mkuu. Hakuna punda hapo."

Siwa, wanangu, ni fimbo ya heshima. Ya chuo hicho ilichongwa kwa mpingo, na siku ya mahafali ilitangulia mbele ya msafara wote. Desturi ilitaka ibebwe na mwalimu mdogo kuliko wote, ili wakubwa wapunguze mwendo. Hakuna aliyeruhusiwa kuipita, wala kurudi nyuma, wala kufungua kinywa, mpaka iwekwe chini. Pale ilipowekwa ndipo mahafali yalipofanyika, na neno lililosemwa mbele yake halikurudishwa.

Mbebaji wa siwa alikuwa Digidigi.

Chama kilikutana nyuma ya jiko. Punda alitaka mgomo uanze kesho yake. Wengine waliogopa kufukuzwa, wengine waliwahurumia wanafunzi, na wengine walisema yote mawili kwa pamoja. Digidigi hakuwa akisikiliza sana. Alikuwa akimtazama Kanga, aliyeketi pembeni akichambua mchele kwa mdomo, bawa moja limeburuzika chini, mtoto wa Digidigi amelala chini ya lile lililobaki. Kanga alikuwa amemwambia asubuhi kwamba akiondoka atamtafutia mlezi mwingine mwema. Alikuwa akipoteza kazi na nyumba, na wasiwasi wake ulikuwa kwa mtoto wa mwenzake.

"Kaka Punda," Digidigi akasema, "ni nani kati ya wakubwa aliyewahi kupita njia yetu?"

Wakatazamana. Hakuwapo hata mmoja.

"Basi mgomo tuuweke kiporo. Mimi ndiye nitakayebeba siwa. Ila nitawahitaji nyote, na zaidi wenye mgongo mpana."

Kesho yake Digidigi alipanda ofisini kwa Kiboko, ti-ti-ti, akasimama mlangoni ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chama kimekutuma tena?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kujifunza. Nisije nikawaaibisha mbele ya wageni. Hivi tukiwa njiani na siwa, mkubwa akitaka kusema neno?"

"Hasemi."

"Hata njia ikiwa na tope?"

"Hata ikiwa na moto."

"Hata Mkuu mwenyewe?"

"Hata Mkuu," Kiboko akasema, akavimba kwa fahari, kwani hakuna kitu alichokipenda kama kuulizwa. "Ikitangulia siwa, sote tunafuata na vinywa vimefungwa. Umeelewa, kadogo?"

"Nimeelewa sana, mzee. Ahsante kwa kunifundisha."

Siku ya mahafali ikafika. Jua lilipopoa msafara ukajipanga mbele ya ofisi. Digidigi mbele na siwa begani, nyuma yake Tembo katika joho jekundu, kisha Kiboko katika joho lililombana shingo, kisha walimu, wahitimu, na mwisho wazazi na watoto wao. Katika watoto hao alikuwamo mjukuu wa Tembo, kitoto cha kike ambacho bado kilikanyaga mkonga wake kikitembea. Ngoma ikalia mara moja, ndu! Kimya kikatanda.

Digidigi alianza kutembea. Moyo wake ulipiga kuliko kwato zake. Alijua kwamba akikosea, kabla ya kesho atakuwa hana kazi wala pa kumlaza mtoto. Alijua pia kwamba nyuma yake kuna watoto wa watu, na hilo lilimtia hofu zaidi. Usiku kucha alikuwa amepanga nani asimame wapi kwa ajili yao.

Walifika penye kona ya jiko. Kulia palikuwa na barabara ya chokaa iendayo ukumbini. Digidigi akakata kushoto.

Kiboko alifumbua kinywa kikubwa kama pango. Akakumbuka. Akakifumba.

Wakateremka. Njia ikawa nyembamba, majoho yakashika majani. Walipofika darajani, Digidigi akavuka ti-ti-ti. Tembo akaweka mguu mmoja, kach! Ubao ukakatika, akatumbukia kijitoni mpaka magotini, na joho jekundu likaelea juu ya maji kama shuka lililoponyoka mikononi mwa mfuaji. Alitazama mbao zilizooza, akazigusa moja moja kwa mkonga, akaendelea. Wazazi walipofika hapo walikuta Pundamilia na Ngiri, wafagiaji wa chuo, wamesimama ndani ya maji wakiwavusha watoto migongoni.

Baada ya kijito kulikuwa na miiba. Joho la Kiboko lilinasa, akavuta, likachanika kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Alikoroma kwa pua tu. Jua likazama nyuma ya kilima, na huko bondeni, ambako hakukuwa na taa, giza likaja upesi. Ndipo wakasikia kicheko nje ya uzio. Kikaitikiwa na kingine, karibu zaidi.

Digidigi alifika penye pengo. Akaiweka siwa chini.

Desturi ilitaka Mkuu aanze kusema. Wote walisubiri hotuba. Tembo alipanua masikio, akageuka huku, akageuka kule, na neno lake la kwanza halikuwa hotuba.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

Fisi wakacheka tena. Tembo akaanza kupapasa gizani kwa mkonga, na yule mnyama mkubwa kuliko wote alikuwa akitetemeka.

"Mjukuu wangu alikuwa nyuma. Nani amemwona? Jamani, nani amemwona mtoto?"

"Yuko hapa, mheshimiwa," sauti ndogo ikasema. "Usiogope. Hajalia hata kidogo."

Ilikuwa sauti ya Kanga. Mkonga wa Tembo ukafuata sauti ukamkuta mjukuu wake amelala chini, na juu ya kichwa chake bawa moja limenyooshwa mpaka mwisho wa manyoya yake. Halikufunika hata sikio zima la mtoto yule. Lakini lilikuwa limenyooshwa.

Mkonga ukaendelea, ukagusa upande wa pili wa ndege yule, ukakuta bawa lililoburuzika.

"Hili lilivunjikia wapi?"

"Hapa, mheshimiwa. Hapa uliposimama."

Tembo akasogea mbele, mkonga ukagonga kitu cha joto. Ulikuwa mgongo wa Punda. Kando yake mgongo wa Pundamilia, ambaye maji ya kijito bado yalimtiririka, na kando yake wa Ngiri. Wafanyakazi walikuwa wamesimama mbavu kwa mbavu, nyuso zao nje kwa fisi, migongo yao kwa watoto, wakiziba pengo lote.

"Hiki ni nini?" Tembo akauliza.

Digidigi akajibu, "Huo ndio uzio, mheshimiwa. Hatuna mwingine."

Hapo Kiboko hakuweza kuvumilia tena. Akasema kwamba wamechezewa shere, kwamba huyu mwalimu amewalaghai, ameacha barabara ya heshima na kuwaleta wageni porini, na kwamba afukuzwe pale pale.

"Sikuiacha barabara yangu, mzee," Digidigi akasema. "Hii ndiyo ninayopita kila jioni na mwanangu. Desturi haisemi siwa ipite wapi. Inasema tu mfuate na msiseme. Wewe mwenyewe ulinifundisha vizuri."

Wazazi wachache wakacheka kidogo gizani, kisha wakanyamaza, kwa sababu Tembo alikuwa amepiga magoti mbele ya siwa. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akipiga magoti.

"Mimi niliambiwa kwamba njia hii si salama," akasema, "na nikamuuliza mtu ambaye haipiti. Kosa ni langu. Sasa nasema mbele ya siwa, na neno langu halirudi. Uzio utazibwa. Daraja nitalijenga kwa mkonga huu. Taa zitashuka mpaka kwenye mlango wa mwisho wa bondeni. Nyati wawili wa Kiboko watasimama hapa kila jioni, na Kiboko ataniletea habari za njia hii baada ya kuipita kwa miguu yake, peke yake. Na Kanga hatoki jikoni wala katika nyumba yake. Asiyeweza kukoroga kwa mabawa mawili atapewa wa kumsaidia."

Basi mahafali yakafanyika pale pale. Wahitimu waliitwa gizani, kila mmoja akaitika kwa sauti ili mama yake ajue yuko wapi. Fisi walicheka mpaka wakachoka, wakaenda zao, kwa kuwa migongo ile haikusogea.

Kulipokucha Tembo alikuwa kijitoni akiburura magogo. Alifanya kazi mpaka jua likawa kali. Kanga akateremka polepole kwa miguu, bakuli limefunikwa kwa sahani, akaliweka ukingoni.

"Uji ulibaki, mheshimiwa," akasema. "Nisaidie kuumaliza."

Tembo aliunywa wote. Digidigi, aliyekuwa akipita na mtoto wake, aliona kwamba machozi yalikuwa yakimdondoka ndani ya bakuli, naye akatazama pembeni ili asimwaibishe.

Hadithi yangu inaishia darajani, na daraja lilidumu. Funzo lake ni hili: mkubwa akitaka kujua kama njia ya wadogo ni salama, aipite yeye mwenyewe, jioni, akiwa na mtoto wake.