Mpaka Uliofagiliwa

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole. Mnataka ya leo au ya kale? Ya kale. Haya. Hapo kale, ukungu ulipokuwa ukilala mabondeni mpaka adhuhuri bila kuamshwa na mtu, aliishi mrina asali aitwaye Sirong'a. Mtu wa maneno manyoofu, ila hasira zake zilikuwa karibu.

Watu wake waliishi msituni. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake, kutoka mtoni mpaka kileleni, na mizinga yake juu ya miti. Na mpaka je? Mpaka ulikuwa njia. Kila kiangazi, kabla ya kurina, wenye ukanda walifagia majani, wakafagia, wakafagia, mpaka udongo mtupu ukaonekana. Asiyefagia alinyang'anywa ukanda. Ndiyo sheria yao.

Siku moja Mtemi Mundara wa tambarare akapanda na askari. "Msitu huu umechoka nanyi," akasema. "Tokeni, upumzike. Oneni mlivyouchana kwa vijia vyenu."

"Mtemi," Sirong'a akajibu, "usiseme unaupenda msitu. Hata jina la mti uliouegemea hulijui."

Kwa maneno hayo akawa wa kwanza kutupwa nje, na watu wake wote wakashushwa tambarare nyuma yake.

Kiangazi kimoja, viwili, vitatu. Majani yakaanguka, nani afagie? Yakaanguka, yakafika magotini. Kiangazi cha nne askari wa Mtemi wakatamani asali. Sasa, mrina huwafukiza nyuki kwa furushi la majani mabichi, moshi mtupu bila mwali. Wao, wajukuu zangu, walipanda mtini na mwenge wa nyasi kavu. Nyuki walipowashukia, mwenge nao ukashuka. Mmeona?

Sirong'a aliuona moshi akiwa kule tambarare. Hakuita kikao. Alinyakua ufagio wake wa matawi, akakimbia, na watu wake nyuma: kina mama, vijana, vikongwe, kila mtu na ufagio. Ukingoni mwa msitu askari mmoja akawazuia.

"Mmekatazwa kuingia."

"Mwanangu, unanuka nywele zilizoungua. Shika ufagio au tupishe."

Akashika ufagio.

Wakapanda hadi mpaka wa babu yake Sirong'a. Ulikuwa umefunikwa, lakini miguu yake iliujua. Wakafagia, moto unakuja. Wakafagia, nyuki wanapita vichwani, nyani wanapita miguuni. Wakafagia, jasho linakauka kabla halijadondoka. Moto ukafika kwenye udongo mtupu, ukanusa huku, ukanusa kule, ukaketi chini.

Upande mmoja, majivu. Upande wa pili, mizinga ya Sirong'a inavuma.

Mtemi akaja, akaitazama ile njia. "Nawapa ruhusa mrudi," akasema.

"Ruhusa siitaki," Sirong'a akasema. "Ruhusa hutolewa na mwenye mali. Sema mbele ya askari wako msitu ni wa nani. La sivyo ufagio huu hapa, kiangazi kijacho ufagie mwenyewe."

Mtemi akautazama ufagio. Akayatazama majivu. "Ni wenu," akanong'ona.

"Walio nyuma hawajasikia."

"Msitu ni wenu," akasema, na mara hii hata nyani walisikia.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu: mtu hufagia pale anapojua ni pake. Ukimfukuza mwenye msitu, umemfukuza mlinzi wake.

Kisa changu kimefika kwenye udongo mtupu, hakiendi mbele tena. Anayetaka kukivusha, na aje na ufagio wake.