Mtungi Haujinywi

"Mtungi haujinywi, mtafute anywaye." Ndivyo mama yenu alivyomwambia dada yenu Namkunda leo asubuhi alipokuwa akiilaani simu yake kwamba haikai na chaji, nanyi nyote mkacheka kwa kuwa hapakuwa na mtungi wala maji. Sasa mnataka kujua usemi huo umetoka wapi. Haukutoka mbali, wajukuu zangu. Umetoka hapa hapa kwetu milimani, na mimi nilikuwamo. Nasema nilikuwamo, wala sikukosea neno, mtaona wenyewe. Ulianza na gari.

Wakati huo kijiji kizima kilikuwa na gari moja tu, la bluu, limezeeka kama mimi sasa ila lenyewe lilikuwa na meno yote. Tulilinunua kwa michango yetu ili liwateremshe wagonjwa na kina mama wajawazito hadi hospitali ya bondeni. Dereva wake aliitwa Eliamini, mume wa Najuae, yule mfinyanzi wa vyungu. Eliamini hakutaka mshahara. Mama yake mzazi alifia kwenye machela nusu ya njia, yeye akiwa mmoja wa wabebaji, na tangu siku ile alikuwa ameapa kwamba asibebwe mtu mwingine kwa machela akiwa yeye ana mikono. Alilifuta gari lile kila asubuhi kama anayemwogesha mtoto.

Nasi tungemshukuruje? Kijijini kwetu shukrani ni mkungu wa ndizi, na mkungu wa shukrani haukatwi. Ukitoa chane mbili tatu, watu watasema mtoto wako umempenda nusu. Basi kila mama aliyerudi salama, ndugu zake walipeleka mkungu mzima na kuutia kwenye buti la gari. Ukiwa mrefu, tuliusukuma. Ukikataa, wanawake wawili wenye uzito wao waliukalia mfuniko, kamba ikafungwa. Eliamini alilia, "Jamani, nusu inatosha!" Tukamwambia, "Nyamaza baba, asante haipimwi."

Ikawa gari linagoma. Likilala siku mbili bila safari, ukizungusha ufunguo linajibu *ke-ke-ke* kama mtetea anayetafuta pa kutaga, kisha kimya. Betri imekufa. Tukalisukuma, likawaka. Tukasema betri imechoka, tukanunua nyingine. Nayo ikafa. Tukasema ya pili ilikuwa bandia, tukaleta ya tatu, nayo ikamfuata mwenzake. Fundi Kiangi wa bondeni akapima mtambo unaochaji betri, akasema ni mzima. Gari likitembea, betri inajaa. Likisimama, inaisha.

Sasa nyinyi mnatujua sisi Wapare na kesi. Mwingine angefungua boneti. Sisi tulifungua baraza. Mzee Mrutu, mwenyekiti wa kamati ya gari, akasimama na kusema kwamba betri haziwezi kufa zote bila mkono wa mtu. Akasema nyumba ya Eliamini ina redio, na redio ile haijawahi kukosa mpira. Kwa hiyo Eliamini anavuta umeme wa gari la wagonjwa ili asikilize mpira. Kamati ikaamua anyang'anywe ufunguo.

Eliamini akasimama. Aliuweka ufunguo mezani polepole, akabaki ameutazama. Hakuna aliyejua nani angeendesha badala yake, maana wengine wote tulijua kuendesha mbuzi tu. Lakini kesi ilikuwa imenoga, nani angekumbuka jambo hilo?

Ndipo Najuae akasimama nyuma kabisa, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Ukiamka ukakuta mtungi wako mtupu, unafanyaje?"

"Nautazama kama umepasuka," akajibu Mzee Mrutu.

"Umeutazama, haujapasuka. Ukanunua mwingine. Ukaamka, mtupu. Ukanunua wa tatu, mtupu. Utaendelea kununua mitungi?"

"Hapo nitajua kuna mwizi."

"Utajuaje ni mwizi? Huenda ni ndama wako mwenyewe. Huenda ni wewe unaamka na kiu na kusahau." Watu wakacheka, naye Najuae hakucheka. "Mimi mitungi ndiyo kazi yangu, baba. Mtungi haujinywi. Mtafute anywaye! Mkimkuta ni mume wangu, nitawasaidia kumfukuza, na usiku huo atalala kwenye tanuri langu."

"Mke wangu!" akasema Eliamini.

"Nyamaza wewe, nakutetea."

Hapo aibu ikatushika kidogo, tukatoka wote hadi kwenye gari. Fundi Kiangi, aliyekuwa ameitwa barazani kama shahidi, akafunga milango yote. Akachomoa waya mmoja wa betri, na kati ya ule waya na betri akaweka balbu ndogo. "Gari limezimwa," akasema. "Kama hakuna anayekunywa, balbu hii haitawaka."

Balbu ikawaka. Kwa unyonge, lakini iliwaka.

Watu wakasogea. Mzee Mrutu akaangalia chini ya gari, nadhani alitegemea kuiona redio. Kiangi akaanza kuchomoa fyuzi mojamoja. Ya honi, balbu bado inawaka. Ya taa kubwa, bado. Alipochomoa moja ya pembeni, balbu ikazima.

"Huyu hapa," akasema. "Mnywaji yuko kwenye taa za ndani."

Tukachungulia vioo vyote. Taa ya ndani ilikuwa imezima. Kiangi akajikuna kichwa, akatueleza kwamba kila mlango unaowasha taa una kitufe chake. Mlango ukifungwa unakibonyeza, taa inazima. Milango minne yote ilikuwa imefungwa vizuri. "Limebaki buti," akasema. "Nalo lina taa yake. Lakini likifungwa, nani ataona kama imezima?"

Watu wakatazamana. Kisha, sijui kwa nini, wakanitazama mimi. Nilikuwa mwembamba kama mwiko, na sikuwa nimeolewa, kwa hiyo hapakuwa na mume wa kuombwa ruhusa.

"Nakiete," akasema Najuae, "ingia, mwanangu."

"Nikifia humo?"

"Tutakutolea mkungu mzima."

Kiangi akarudisha fyuzi na waya mahali pake. Nikajikunja ndani, ubavuni mwangu mkungu ulioletwa jana yake. Wakafunga mfuniko na kamba, na upenyo mdogo uliobaki Eliamini akauziba kwa kipande cha blanketi, kama alivyofanya siku zote kuzuia vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kwa giza la kaburi. Wajukuu zangu, humo ndani kulikuwa kweupe kama sebuleni!

"Wee Nakiete, unaona nini?" Mzee Mrutu akapiga kelele nje.

"Naona ndizi!"

"Ndizi gani?"

"Hizi! Naona hadi zilizoiva!"

Kisha nikasikia wote wanaongea pamoja, wamenisahau. Nikaona si vizuri kukaa bure, nikamenya moja. Walipofungua nilikuwa kwenye ya tatu, na Mzee Mrutu akasema ninakula kidhibiti cha kesi. Nikamwambia kesi yenyewe imekwisha, mzee wangu.

Maana ilikuwa wazi. Kwa kuukalia ule mfuniko miezi yote, tulikuwa tumezipinda bawaba zake. Kamba iliushikilia, ukaonekana umefungwa, kumbe haukifikii kitufe. Taa iliwaka humo usiku na mchana, peke yake, ikimulika ndizi zetu. Mnywaji wa betri alikuwa asante yetu.

Mzee Mrutu aliuchukua ufunguo akampa Eliamini kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa. Akasema, "Tumekukosea, baba. Tukushukuruje sasa?"

Eliamini aliupokea. Macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akasema, "Nishukuruni kwa miguu. Mkungu uleteni nyumbani kichwani, gari niachieni wagonjwa."

Kiangi akazigonga bawaba zikanyooka, na betri ile ya tatu ikaishi miaka.

Basi, mwaka uliofuata niliolewa, na baba yenu alipotaka kuzaliwa hakupiga hodi, alikuja kwa fujo kama alivyo hadi leo. Alikuwa amekaa vibaya tumboni, mkunga akasema bila hospitali hatupati mtu hapa, si mama wala mtoto. Gari lilikuwa limelala siku nne bila kuguswa. Nilikuwa nimelazwa kiti cha nyuma, nimeng'ata kanga, nikamsikia Eliamini akizungusha ufunguo. Likawaka mara moja. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule mngurumo, hata kanisani, na mchungaji anisamehe.

Ndiyo maana mimi nipo, na baba yenu yupo, na nyinyi mpo hapa mnanisumbua kwa maswali. Namlilia Eliamini kwa shukrani hadi leo, na Najuae zaidi, kwa kuwa tulikuwa watu wazima barazani tukimhukumu mtu, na ni yeye peke yake aliyesimama na udongo wake mikononi akatuambia: mtungi haujinywi, mtafute anywaye.