Matundu Saba kwa Matundu Saba

Hapo zamani, wala si zamani za mababu bali za majuzi tu, magari ya matajiri yalipoanza kula umeme na kuacha petroli, palikuwa na mfugaji wa Taita jina lake Shako. Alikuwa na mtoto mmoja na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Mtoto aliitwa Wawuda, msichana wa miaka sita.

Siku hiyo, jua likiwa utosini, Wawuda alimkanyaga moma, yule nyoka mfupi mnene anayelala njiani kama kipande cha kuni. Akaumwa kisiginoni. Shako akambeba mgongoni, akakimbia naye hadi barabarani. Alipiga simu hospitali ya mjini, akaambiwa gari la wagonjwa limekwenda Mombasa. Dawa ya sumu ipo, lakini mtoto aletwe upesi. Na mji ulikuwa mbali, kilomita sabini za nyika tupu. Akautazama mguu. Uvimbe ulikuwa kwenye kifundo.

Lori likapita. Basi likapita. Kisha likaja gari jeusi, refu, linalong'aa, halina hata mngurumo, nalo likapita. Lilipofika mbele likasimama, likarudi kinyumenyume. Dereva alikuwa mwanamke kijana aitwaye Mkamburi. "Gari si langu," alimweleza Shako, "ni la tajiri wangu, limeshuka melini wiki hii, na nimeonywa nisipakie mtu."

"Nilikuona nikaogopa," alisema. "Ingia, kaka."

Ndani ya gari mtoto alianza kutapika. Shako akaapa kwa sauti: "Atakayemfikisha mwanangu hospitali akiwa hai, mtamba wangu ni wake." Uvimbe ulikuwa umefika kwenye shavu la mguu.

Hawajaenda mbali, taa nyekundu ikawaka. Mkamburi akazima kiyoyozi, akapunguza mwendo. Betri ilikuwa imebakiwa na asilimia nane, na kwa hiyo hawangefika. Lakini mbele palikuwa na hoteli ya watalii, na langoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono: Hapa tunachaji magari yote ya umeme. Shako alikisoma kibao kile, akashusha pumzi.

Hoteli ilikuwa kimya. Magari yake yalikuwa mbugani na watalii, kusikoshika simu. Mwanamke aitwaye Mshai, fundi wa umeme wa pale, alitoka mbio hadi kwenye nguzo ya kuchajia iliyo nje ya ua, akavuta waya mnene. Akaulenga kwenye tundu la gari. Akasita. Akalenga tena.

Shako hakujua umeme, ila macho alikuwa nayo. Kichwa cha waya kilikuwa na matundu saba. Mdomo wa gari ulikuwa na matundu saba. Hapakuwa na cha kuingia wala cha kuingiwa. Zilikuwa kufuli mbili, na ufunguo haupo. Mshai alisema kwa sauti ndogo kwamba gari hili liliundwa kwa ajili ya nchi ambako waya ndio wenye vijiti. Kibao kile alikiandika yeye, kabla hajajua kuwa plagi zinatofautiana.

Upande wa pili wa nguzo palikuwa na gari jingine la aina ile ile, linachajiwa. Kati ya waya wake na mdomo wake palikuwa na kipande cheusi kama ngumi, chenye vijiti huku na huku. Hiyo ndiyo adapta, pekee katika nyika ile. Mwenyewe alikuwa Mzee Kirigha, amevaa suti ya msiba. Betri yake ilikuwa karibu kwisha, naye alikuwa akienda kumzika mama yake alasiri hiyo. Alitazama saa, akaomba robo saa kwanza.

Wakamsihi, akatikisa kichwa. Robo saa ikapita, saa ya mkononi ikitazamwa na wote. Uvimbe ukafika kwenye goti. Ndipo mzee akaja dirishani, akauona mguu ulivyokuwa mweusi, akaona ufizi wa mtoto unatoka damu. Aliing'oa adapta kwa pupa, na kwa pupa hiyo ndoano yake ikavunjika.

Ikaingia, lakini haikushika. Ukiiachia, umeme unakatika. Basi Mshai akaibana kwa mikono miwili, umeme ukaanza kupita.

Dakika ya ishirini, tembo dume akatoka vichakani, akaja kwenye tangi la maji lililo karibu na nguzo. Mkamburi akaruka ndani ya gari. Mzee akakimbilia nyuma ya ukuta wa ua. Mshai akabaki, mgongo wake kwa tembo. Tembo akanyoosha mkonga, akamnusa shingoni hadi kilemba kikatikisika. Shako alimwona Mshai kupitia kioo, midomo yake ikicheza kwa dua. Aliogopa tembo asimuue. Aliogopa pia asije akaiachia adapta. Na alipojiuliza anaogopa lipi zaidi, aliona haya.

Tembo akanywa maji, akaondoka. Dakika arobaini zilipotimia, Mkamburi akaondoa gari, wakafika mjini betri ikiwa imebakiwa na asilimia moja. Wawuda akaishi. Ila vidole viwili vya mguu vilikatwa, na daktari alisema wangewahi robo saa tu, vingepona.

Mwezi ulipopita, wote watatu wakaja kumjulia hali mtoto. Shako akamtoa mtamba zizini, maana kiapo ni kiapo.

Mkamburi akasema, "Nilimpakia nikijua nitafukuzwa kazi, na nimefukuzwa. Uliapa kwa atakayemfikisha. Aliyeshika usukani ni mimi."

Mzee Kirigha akasema, "Mama yangu alizikwa bila mimi. Ndugu zangu wananiita mwana laana. Nikiingiza mtamba huyu uani kwetu, watajua nilikuwa wapi. Bila adapta yangu, usukani ungegeuza nini?"

Mshai hakutaka kusema, hata walipomhimiza. "Kibao changu kiliwadanganya," akasema mwishoni, "na mikono yangu ikawalipa. Tangu siku ile nikisikia kijiti kikivunjika kichakani, nakimbilia ndani. Kazi ya pale nimeiacha. Adapta yako, mzee, ilikuwa imevunjika."

Shako akasimama katikati ya ua, kamba mkononi. Alimtazama aliyepita kisha akarudi. Alimtazama aliyenyima kisha akatoa. Alimtazama aliyedanganya bila kujua kisha akabaki peke yake na tembo. Mtamba ni mmoja, na hagawanyiki akiwa hai.

Nanyi mnaonisikiliza, kamba ingekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani? Je, ni nani hasa aliyemstahili mtamba wa Shako?