Tumbili na Mkono wa Nyani

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipika na kufagia nyua zao, jua liliwaka miezi saba, visima vikakauka. Kikabaki kimoja tu. Nyani dume akakikalia.

"Anayetaka maji anishinde mieleka kwanza!" akafoka.

Bi Tumbili alikuwa na mtoto mmoja, midomo imempasuka kwa kiu. Akaenda. Nyani akamkamata kiunoni, akamwinua juu, puu! Vumbi likamjaa kinywani.

Siku ya pili, puu! Siku ya tatu, puu!

"Jirani, wewe huna nguvu," Kima akamwambia. "Nyanyua mawe upate misuli."

Tumbili akanyanyua mawe mpaka viganja vikachubuka. Akarudi kisimani. Puu!

Safari hii Nyani alimkalia kifuani. Tumbili akasukuma, akasukuma, wapi! Ni kama kusukuma mlima. Akawaza: hata nikinyanyua mawe mwaka mzima, mwanangu atakufa kabla. Mikono ikamlegea, machozi yakamtoka.

Nyani akacheka, akanyoosha mkono kumkaba koo. Ndipo Tumbili alipoona jambo: mwili wa Nyani ni mkubwa, lakini mkono ule umenyooka peke yake, mbali na mwili.

Nyani alipochoka kumcheka akamwachia, Tumbili akajitoa kwa kutambaa, akaenda zake. Usiku kucha mtoto hakulia. Hata sauti hakuwa nayo.

Asubuhi akarudi. Puu! Hakusukuma. Akalala chali akilia, "Ole wangu! Niue tu, bwana, nipumzike!"

Ilikuwa hila, lakini nusu ya kilio kile ilikuwa ya kweli.

"Leo nakumaliza!" Nyani akasema, akanyoosha mkono.

Hap! Tumbili akaudaka kwa mikono miwili, akaurukia kwa miguu yote, akaubana mapajani, kisha akainua kiuno. Kiwiko kikalia, kwa!

"Mama wee! Mkono wangu! Niachie!"

"Na maji?"

"Chota! Chota! Choteni nyote!"

Tumbili akajaza kibuyu, akakimbia nyumbani. Mtoto hakuweza kufungua kinywa. Mama akamdondoshea tone moja, likatiririka shavuni. La pili, likatiririka. Akaendelea kudondosha bila kuhesabu.

Hatimaye koo likacheza. Mtoto akameza.

Basi, wanangu, shikeni hili: asiye na nguvu na ajue pa kushika.