Fimbo Inapungua, Mkono Ushuke

Mama zangu na dada zangu, sina maneno mengi. Nimebeba habari ya fundi mmoja tu, fundi wa kuchomelea vyuma.

Fundi huyu alikuwa na kibanda karibu na soko. Watu walisema geti lake hata ukiligonga kwa lori, ukuta ndio utakaoanguka. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Atupele. Kila mchana Atupele alimpelekea baba yake chakula, akasimama ameupa mwanga mgongo asiumie macho, akisikiliza kazi. Fundi alimfundisha kwamba moto ukiwa sawa unalia kama dagaa kwenye mafuta. Ukiwa mbali na chuma, unafoka na kurusha cheche.

Siku moja binti akauliza, "Baba, umbali unaujuaje?"

"Fimbo hii ya kuchomelea inaungua, mwanangu, na kila ikiungua inapungua. Mkono wangu usiposhuka nayo, moto unabaki juu. Utaona mwanga mwingi, watu watasema fundi yuko kazini, kumbe vyuma havijashikana."

"Na ukishuka sana?"

"Inanasa. Ndiyo maana baba yako hana haraka."

Akamweleza na habari ya ukali wa moto. Chuma kinene kinataka moto mkali, lakini bati jembamba ukilipelekea moto wa geti, linatoboka palepale.

Mnaona? Alijua yote.

Atupele akapata mimba akiwa kidato cha tatu. Hapo fundi akafungulia moto wa geti. Hakumwita ndani. Alimsema uani, majirani wamesimama na ndoo zao za maji wanasikiliza. Maneno mengine siwezi kuyarudia mbele yenu. La mwisho nitalisema.

"Kuanzia leo usiniite baba. Niite fundi, kama watu wengine."

Binti alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kwa mama yake mdogo, mji mwingine.

Miezi ikapita, hasira ikaisha. Fundi akampenda tena mwanawe, lakini kwa mbali. Alituma blanketi la mtoto kwa mkono wa dereva wa lori. Alisimama kanisani akashuhudia kwamba amesamehe, watu wakapiga makofi. Mama mdogo akatuma ujumbe mara mbili kwamba aje mwenyewe, hata akae dakika tano. Akajibu kuwa ana geti la mtu, akilimaliza atakuja. Geti likaisha, likaja jingine. Ikawa miaka minne.

Je, alisema uongo kwamba anampenda? Hapana. Mwanga ulikuwepo.

Asubuhi moja akasikia mtu anabisha hodi kibandani. Alikuwa Atupele, ameshika mkono wa mtoto wa kike, na kwa mkono wa pili amebeba jiko la mkaa lililotoboka ubavuni. Jiko lile lingetengenezwa na fundi yeyote wa kule alikotoka. Yeye alipanda nalo basi.

"Shikamoo, fundi," alisema.

Na mtoto naye, kwa sauti ndogo, "Shikamoo, fundi."

Akaitikia marahaba. Moyoni alisema, ngoja aniite baba kwanza, ndipo nitasema. Kwetu mzazi hamwangukii mtoto, si ndivyo tulivyolelewa? Akapunguza moto wa mashine. Akashika fimbo nyembamba, akaweka nukta moja, akasubiri bati lipoe, akaweka nyingine. Fimbo ilivyopungua, mkono wake ulishuka nayo taratibu, na moto ukalia kama dagaa kwenye mafuta. Tundu likaziba. Atupele alikuwa amesimama palepale alipokuwa akisimama zamani, ameupa mwanga mgongo, anasikiliza. Hakuondoka haraka. Hata kazi ilipokwisha alikaa kidogo, akamfunga mtoto viatu ambavyo havikuwa vimefunguka.

Fundi akasema, "Liache lipoe, lisikuunguze."

Ni hilo tu alilosema.

"Ahsante, fundi," akajibu binti. Akamshika mtoto mkono, wakaenda kituo cha basi.

Fundi akabaki na kipande cha fimbo mkononi, kifupi kama kidole, kisichoweza tena kuunga kitu.

Wapendwa, msiniulize kama alimkimbilia. Tuulizane sisi. Yule binti hakuwa na kiburi. Alikuwa anatii. Aliambiwa asiseme baba, hakusema, na aliyefunga ndiye peke yake angeweza kufungua. Ni wangapi humu tunasubiri kuitwa jina ambalo tulilikataza wenyewe? Tunatuma blanketi. Tunashuhudia, tunapigiwa makofi. Mkono uko juu.

Mungu wetu hakukaa mbinguni akatumulika kwa mbali. Alishuka, akafika kwenye zizi la ng'ombe, akalala katika majani yao. Kama yeye alishuka, mimi na wewe tunaogopa kushuka wapi?

Fimbo inapungua. Yangu inapungua, na yako. Tukitoka hapa, kabla hatujainjika sufuria jikoni, twende kwa yule tuliyemtoboa. Twende polepole, kwa moto mdogo. Na tusingoje kusalimiwa. Anayetaka kuitwa mama, aanze yeye kuita mwanangu.