Kofia ya Ngozi ya Mwinjilisti

Sogeeni, mkae vizuri. Mwenye mtoto mgongoni amshushe. Nina mzigo wa kuwapa leo, nami nitauleta polepole, kwa kuwa mwisho wake nitawaomba mnisaidie kuutua.

Juu kwenye milima ya Upare, pale ambapo tangawizi hulimwa mpaka kwenye kingo za makaburi, walikuwapo watu watatu ambao Mungu aliwagawia vipawa, kila mmoja chake. Elisaria alipewa mikono. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na chuma kilichowagomea wengine kwake kilikuwa kipole. Nietiwe, dada yake, alipewa kumbukumbu. Alifundisha watoto shule ya Jumapili, na neno alilolisikia kanisani mara moja alikaa nalo maisha yake yote. Ombeni, jirani yao, alipewa sikio. Alipiga tarumbeta katika bendi ya usharika, na watu ishirini wakipuliza pamoja, angeweza kumgeukia mmoja na kusema, "Wewe, mdomo wako umechoka. Kapumzike."

Katikati yao alikaa Namsifu. Elisaria na Nietiwe aliwazaa mwenyewe. Ombeni hakumzaa, ila mumewe alimsimamia ubatizo, kwa hiyo naye alimwita mama. Mumewe hakuwapo tena.

Mume huyo, Anaeli, alikuwa mwinjilisti. Miaka ishirini alivizungukia vitongoji vinane kwa pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja, yenye umri uliomzidi yeye mwenyewe, akiwa amevaa kofia ya ngozi yenye masikio mawili kama ya mbuzi. Pikipiki ilipochoka kabisa, hakuiuza. Mama yake, Bibi Nakundwa, alikuwa amevunjika nyonga. Hakuweza kutembea wala kukaa mkao wa kupanda bodaboda, na gari halikuweza kufika kwao kwa sababu ya daraja la magogo. Anaeli akamwambia, "Mama, nitaijenga upya. Nitaiwekea kigari ubavuni, ukae kama malkia, nikupeleke kanisani."

Akaanza kuifungua. Alifanya kazi hiyo Jumamosi tu, na kila Jumamosi vitu alivyovitoa alivitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Juu ya kopo alibandika karatasi kwa uji wa muhogo. Hakuandika jina la chuma wala tarehe. Aliandika mahubiri ya kesho yake, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kichwani mwake. Kopo hili "Harusi ya Kana", kopo lile "Mpanzi". Alianza mwanzoni mwa Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, na kufikia Jumapili ya Mitende alikuwa na makopo kumi na tisa na fremu tupu. Ijumaa Kuu alilazwa hospitali. Jumatatu ya Pasaka alikuwa sebuleni, chini ya shuka jeupe.

Kabla hajaondoka alimshika Namsifu mkono.

"Atakayeiamsha, mvike kofia yangu. Pikipiki iwe yake, na kazi iwe yake, kumpeleka kanisani asiyeweza kutembea. Lakini awe mmoja tu, Namsifu. Punda wa watu watatu hufa njaa, kila mmoja akidhani mwenzake kamlisha."

Namsifu aliitundika kofia kwenye msumari juu ya mlango. Miaka saba ikapita. Kila Juma Kuu alishusha makopo yote kumi na tisa, akafuta kila nati kwa kitambaa cha mafuta, akarudisha kila kitu mahali pake bila kuchanganya hata kimoja. Hakujua kazi ya chuma chochote kati ya hivyo. Alijua tu kwamba vilishikwa na mkono ule.

Siku moja akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. "Mama, vyuma hivi vinakula nafasi bure."

"Na kinywa chako kinakula hewa bure," akamjibu. "Mbona sijakuletea mizani?"

Basi mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, Bibi Nakundwa alimwita mkwewe kitandani.

"Mama Elisaria, mwaka wa saba huu naletewa Chakula cha Bwana kitandani kama mzazi aliyejifungua. Pasaka hii nataka niingie kwa mlango kama watu. Mkinichelewesha nitaingia nimebebwa na watu wanne, na hapo sitaona kitu."

Namsifu akacheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Jioni ile akawaita wale watatu, akawaonyesha kofia, akawaambia maneno ya Anaeli bila kuongeza wala kupunguza.

Elisaria alikuwa mjini Same akitafuta kazi siku baba yake alipokata roho, na jambo hilo lilikuwa halijampa usingizi mzuri tangu siku ile. Nietiwe alitembea kwa miguu kila wiki kwenye vitongoji vilevile vya baba yake, na aliwajua kwa majina wazee waliobaki vitandani. Ombeni alipokuwa mtoto alishikwa na degedege, na Anaeli alimkimbiza zahanati akiwa amelazwa juu ya tangi la pikipiki ile. Kila mmoja aliitazama kofia, na kila mmoja aliitaka. Sioni ubaya katika kuitaka.

Elisaria ndiye aliyeanza. Alikuja kila Jumamosi kutoka mjini alikofanyia kazi. Alikuta makopo mawili yameandikwa neno moja, "Mwanapunda", akasema moyoni, haya ni ya kitu kimoja. Akayamwaga yote mawili juu ya mkeka mmoja, akachanganya boliti, akaanza kuifunga injini kwa vyuma hivyo. Alipojaribu kuizungusha ikakwama kama mlango uliovimba kwa mvua.

Nietiwe aliposikia akaja, akasimama juu ya mkeka, mikono kiunoni.

"Kaka, mwanapunda husomwa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja. Siku ya Mitende."

"Ungekuwa unakuja kanisani kabla ya Krismasi ungejua. Husomwa pia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kopo moja ni la kwanza kabisa, jingine ni la mwisho kabisa. Wewe umeoanisha kichwa na mkia."

Elisaria akakaa chini. "Sasa tutajuaje lipi ni lipi?"

Mwezi wote wa kumi na mbili Nietiwe aliumalizia pale, juu ya sakafu ya jiko la zamani ambamo makopo yalitunzwa. Mende walikuwa wamekula nusu ya karatasi. Penye maneno mawili alikumbuka Jumapili yake, na penye neno moja alikumbuka wimbo ulioimbwa na nguo aliyovaa mhubiri. Akayapanga makopo kumi na tisa kwa mstari, toka Majilio hadi Mitende. Elisaria akaifungua injini tena, na boliti zilizochanganyika Nietiwe akazitenga moja moja, kwa kuwa za Majilio baba yake alizifuta kwa kitambaa cha kijani ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyemkatia, na nyuzi zake bado zilikuwa zimenasa kwenye meno ya chuma.

"Baba alikuwa anafungua," akasema. "Sisi tunafunga. Tuanze na Mitende, turudi nyuma."

Ikawa hivyo. Nje, kanisa lilikwenda mbele kuelekea Pasaka. Ndani ya jiko lile wao walirudi nyuma, kopo kwa kopo, na kila kitu kikaingia mahali pake.

Lakini fremu ilikuwa na ufa, na kigari cha ubavuni hakikuwapo popote ila katika maneno ya marehemu. Hapo ndipo mikono ya Elisaria ilipoonekana. Kwanza alikwenda na kamba mpaka kwenye daraja la magogo, akalipima, akafunga fundo. Kisha akatengeneza kigari chenye gurudumu lake, na pikipiki pamoja na kigari vikawa vyembamba kuliko daraja kwa kiganja kimoja. Mabomba aliyotumia yalikuwa ya geti la nyumba yake mwenyewe, aliyoyaweka akiba miaka miwili. Mpaka leo fundi huyo wa mageti anafunga uwanja wake kwa matawi ya miiba.

"Watu watakucheka," mama yake akamwambia.

"Wacheke, Mama. Miiba nayo inafunga."

Kiunzi alikizungushia mabanzi ya mvule, na ndani Namsifu akatandika godoro alilolishona kwa kanga zake mbili.

Ikaja Jumamosi Kuu, kesho yake Pasaka. Asubuhi Elisaria akaweka petroli, akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikatoa moshi, ikafa. Akapiga tena. Ikakohoa, ikafa. Mpaka saa sita mchana shati lilikuwa limemgandia mgongoni, na mafundi wawili wa bodaboda walikuwa wamekuja, wametazama, wameondoka.

"Ni mashine ya marehemu," mmoja akasema. "Imemfuata mwenyewe."

Namsifu alisikia maneno hayo yakimwingia kama maji ya baridi. Kutoka dirishani Bibi Nakundwa akauliza, "Imeamka?" Elisaria akapiga kiki tena.

Hapo Ombeni, aliyekuwa akitoka kwenye mazoezi ya bendi, akaingia na tarumbeta yake kwapani.

"Wewe mpuliza bomba, hapa hatuimbi," Elisaria akamwambia kwa hasira.

"Piga kiki, halafu unyamaze," Ombeni akajibu.

Akainama. Akauelekeza mdomo mpana wa tarumbeta karibu na injini, na pale pa kupulizia akaweka sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Elisaria akapiga. Ikakohoa. Ombeni akasogeza tarumbeta kidogo. "Tena." Akasogeza. "Tena." Mara ya kumi na moja akainua mkono.

"Inavuta pumzi ya wizi. Hapa, kati ya kabureta na silinda. Kuna filimbi ndogo sana ndani yake. Tarumbeta ikitoboka hulia hivihivi, na hata upulize vipi sauti haikai."

Wakapafungua. Kweli, karatasi ngumu ya kuziba kiungo kile ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Namsifu akaleta jalada la daftari la mahudhurio la mumewe na mkasi wake wa kushonea, akakata nyingine kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Wakafunga.

Katika hangaiko lile tarumbeta iligusa bomba la moshi lenye moto, kiungo cha tarumbeta kikaachia. Ombeni aliitazama, akaifunga kwa kitambaa. Pasaka ile bendi ingepiga bila yeye, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mbili.

"Sasa," akasema.

Elisaria akapiga kiki mara moja.

Nimeshindwa kupata maneno ya sauti ile. Kuku walikimbia. Ilikuwa sauti ile ile ambayo Namsifu aliisikia miaka ishirini ikipanda kilima jioni, akajua aweke maji motoni. Akashika nguzo ya mlango, akasema, "Asante, Bwana." Wale watatu walikumbatiana wakiwa weusi kwa grisi, wakilia na kucheka kwa pamoja.

Kisha kila mmoja akatazama juu ya mlango.

Namsifu aliitungua kofia, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Semeni," akawaambia. "Msione haya."

"Mama," akasema Nietiwe, "bila mimi vile vingekuwa vyuma tu ndani ya makopo. Kaka alishavikwamisha."

"Na bila mimi," akasema Elisaria, "mngekuwa na injini na ufa. Bibi angekaa wapi, juu ya kumbukumbu zako? Tena mguu ulioiwasha ni huu."

"Mguu huo ulipiga kiki toka asubuhi," Ombeni akasema taratibu. "Marehemu hakusema atakayeiunda, wala atakayeipanga. Alisema atakayeiamsha. Ilikuwa imelala mpaka nilipokuja."

Hawakusema kwa ubaya, na hakuna aliyesema uongo. Namsifu aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba mumewe alikuwa amegawanyika ndani yao, mikono yake huku, kumbukumbu yake huku, sikio lake kule. Akakumbuka yule mwenye shamba la mizabibu katika Injili, aliyewalipa vibarua wote sawasawa. Lakini yule alikuwa na dinari ya kila mtu. Yeye alikuwa na kofia moja.

Hapo ikasikika sauti kutoka kwenye kigari. Katika kelele zile Bibi Nakundwa alikuwa amewaagiza majirani wambebe, na sasa alikuwa ameketi juu ya godoro la kanga, kilemba cheupe kichwani, kitabu chake cha nyimbo mapajani.

"Bibi, ibada ni kesho!" Nietiwe akapiga kelele.

"Najua ni kesho. Sishuki. Ninyi bishaneni mpaka kengele ya kwanza, ila mjue mimi nimeshapanda. Na wewe, Mama Elisaria, uliyezipaka nati zile mafuta miaka saba, mbona hujajitaja?"

Kofia ilikuwa mikononi mwa Namsifu, na injini ilikuwa ikinguruma polepole, ikingoja dereva.

Nami hapa ndipo ninapoutua mzigo, mbele ya miguu yenu. Yuko aliyejua kila kitu kinakaa wapi. Yuko aliyetoa geti lake. Yuko aliyeisikia pumzi iliyopotea. Yuko na yule aliyetunza bila kujua anatunza nini. Kengele itapigwa asubuhi, na bibi yumo ndani ya kigari. Ndugu yangu, kama kofia ile ingekuwa mikononi mwako, ungemvika nani?